Stika Takatifu ya Futikamba

Mimi nauza kahawa. Wateja wangu wanauza maneno, na biashara yao inakwenda vizuri kuliko yangu. Benchi liko kwenye kona, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi ile walikuwapo Katiba, tarishi mstaafu wa mahakama, anayejua sheria zote isipokuwa zinazomhusu. Redio, kinyozi, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na Bisibisi, fundi simu. Katikati yao alikaa Futikamba, mwashi, mtu mpole, mfuko wa zana miguuni. Lori la kumpeleka saiti lilikuwa linapakia saruji. Anakwenda kujenga zahanati, miezi mitatu, na huko mtandao wa simu yake haufiki. Unafika wa kampuni nyingine tu. Laini ya kampuni hiyo keshanunua, simu imeikataa. Na binti yake, mimba ya kwanza, anajifungua wiki ijayo.

— Imeandika nini? aliuliza Katiba.

— Laini hii hairuhusiwi, alisema Futikamba. Utadhani nimeiingizia bangi.

— Simu hii ilinunuliwa kwenye duka la kampuni ya mtandao wako, alisema Bisibisi. Wameifunga isome laini yao peke yake. Naifungua, dakika kumi.

— Na waranti, ile ahadi yao ya kunitengenezea bure?

— Waranti inakufa. Nikishabandua hii stika ya nyuma, hawakujui, huwajui.

Futikamba akaigeuza simu. Stika alikuwa ameizungushia selotepu pande zote isije ikabanduka kwa bahati mbaya. Miezi minane anailinda. Kioo kina ufa, stika haina hata mkwaruzo.

— Nunua kitochi, alisema Redio.

— Hii kaninunulia binti yangu. Kasema, baba, popote ulipo nikuonyeshe mtoto. Kitochi kitanionyesha mtoto?

— Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Laini ni mgeni. Simu ndiyo mwenyeji. Sasa umeona inapona?

Katiba akakohoa, kikohozi cha kikao.

— Kisheria, simu ile si yako moja kwa moja. Wewe ni kama mpangaji. Unakaa, unafagia, lakini ukitaka kutoboa ukuta unaomba ruhusa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Nimeinama, mzee wangu. Jana nimekwenda dukani kwao. Wamesema niandike barua, majibu baada ya siku thelathini.

— Basi subiri. Haraka haraka haina baraka.

— Nimwambie mtoto asizaliwe?

— Mwambie binti, alisema Katiba, na nakuapia hakuwa anatania.

Mimi nikammiminia Futikamba kikombe kingine bila kuulizwa. Nilimhurumia.

— Tatizo si barua, alisema Redio. Kule makao makuu kuna chumba. Kila simu ina kitaa chake. Ukiibandua stika huku, kule kitaa kinawaka chekundu.

— Wanajuaje?

— Stika inanusa. Inaijua harufu ya bisibisi. Kuna mteja wangu alifungua yake. Kesho yake ikaanza kumpigia mama mkwe yenyewe.

— Ikasema nini?

— Yale aliyokuwa akiyasema nyumbani.

Hata Bisibisi, ambaye anakula kwa kufungua simu, akaanza kuziangalia zana zake kwa wasiwasi.

— Na si kubandua tu, Katiba akaongeza. Nimeyasoma yale maandishi madogo. Ukiiangusha, imekufa. Ukiweka kava lisilo lao, imekufa. Ukiongea huku unatoka jasho, huo ni unyevu, imekufa.

— Kupiga chafya je?

— Inategemea umepiga chafya upande gani.

Lori likapiga honi. Futikamba akasimama, akakaa tena, simu ameikumbatia kwa mikono yote miwili.

Hapo akaja mama mshonaji wa jengo la pili, ambaye kwa kawaida huchukua kahawa yake na kuondoka. Alisimama na chupa yake ya chai mkononi, akasikiliza, halafu akauliza kwa upole kabisa:

— Samahani, kaka zangu. Kati yenu nani alishawahi kutengenezewa simu kwa hiyo waranti?

— Mimi, alisema Redio. Yaani nilipeleka. Walisema imeingia maji.

— Ikaingia?

— Ilikuwa kiangazi.

— Yangu walisema niliichaji kwa chaja ya jirani, alisema Bisibisi.

— Shemeji yangu walimtengenezea, alisema Katiba. Walimpa na risiti. Hapana, ile ilikuwa pasi.

Nikangoja atokee mwingine. Hata mimi nilijaribu kukumbuka mtu, nikamkosa. Mama mshonaji akajaziwa chupa, akaenda zake.

Futikamba aling'oa selotepu kwa kucha, kisha stika yenyewe, polepole, mpaka ikatoka nzima. Akaibandika kwenye ubao wa benchi na kumpa Bisibisi simu.

— Dakika kumi, ulisema.

— Mimi simo, alisema Katiba. Iandikwe kwamba nilimwonya.

— Andika, mzee wangu, alisema Futikamba. Andika na kwamba nilitaka kumwacha mwanangu aende leba bila kunipata, kwa ajili ya hicho kikaratasi.