Muuguzi Aliyekataza Chungwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kliniki, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa dereva wa lori. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli. Huko alimsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa, akachapwa, na kesho yake akamsahihisha tena. Alihitimu uuguzi Novemba 1971.

Mwaka 1974 aliolewa na fundi cherehani aliyemshonea sare ya kazi. Sare ilirudishwa mara tatu: mfuko, mkono, kisha pindo. Mara ya tatu marehemu alimwambia, "Fundi, kama unataka kuniona si useme tu?" Walijaliwa mwana na binti. Fundi alitangulia mwaka 2012.

Kwa miaka thelathini na miwili marehemu alifanya kazi kliniki ya watoto, na kila Jumatano aliwafundisha kina mama kuwaanzishia watoto chakula. Mwaka 1976 mwanawe wa miezi sita alinyonya chungwa akawa mwekundu kuzunguka mdomo. Basi, kesi ikaisha hapo. Aliandika ukutani kwa rangi nyeusi: CHUNGWA, CHENZA NA NDIMU MARUFUKU KABLA YA MWAKA. Nani angembishia?

Aliyembishia ni mkwewe, mke wa mwana huyo huyo. Siku moja mwaka 2001 marehemu aliingia jikoni kwa mkwe huyo bila hodi, akamkuta mjukuu wa miezi saba anatafuna chungwa, kidevu chekundu.

"Unataka kuniulia mjukuu?" alifoka, akamnyakua mtoto na kukimbilia hospitali na kandambili za bafuni.

Daktari, binti mdogo kwa umri, alimpangusa mtoto kidevu kwa maji.

"Mama, ukali wa chungwa umemchoma ngozi kidogo tu. Hajavimba, hatapiki, anapumua vizuri. Mwache ale."

Wekundu uliisha kabla hawajafika nyumbani. Mkwe alimpokea mtoto wake mlangoni, na kwa miezi minne hakukanyaga kwa marehemu. Hatukumlaumu.

Jumatano moja marehemu alimwita kliniki. Mbele ya kina mama wapatao arobaini alisema, "Hilo la ukutani nimewafundisha miaka ishirini na tano, na nilikosea. Huyu ndiye atakayewaonyesha." Mkwe akamenya chungwa, akatoa mbegu na ngozi nyembamba ya kila kipande, akakata nyama yake vipande vidogo. Alieleza kuwa mtoto wa miezi sita aliyekwisha kuanza kula apewe kidogo, si maji ya chungwa, na apanguswe kidevu. Akivimba, akitoka vipele mwilini, akitapika au akipumua kwa shida, ni hospitali mara moja. Mchana ule ule marehemu alipaka ukuta chokaa mwenyewe.

Kosa la chungwa alilikiri hadharani. Lile neno la kuua hakulifuta. Lilikaa kati yao zaidi ya miaka ishirini, wakisalimiana kwa adabu.

Mwaka 2022 figo zake zilishindwa. Mara mbili kwa wiki mkwe ndiye aliyempeleka kusafishwa damu, akakaa naye saa nne kila safari. Wiki ya mwisho marehemu alimwambia alete kalamu.

"Andika wasifu wangu. Usinipambe. Na lile neno la jikoni liandike kama nilivyolisema, kisha uandike kwamba nilikuonea. Lilinikaa rohoni, mwanangu, nikaona haya."

Mkwe aliandika, akiwa analia. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mdogo wake mmoja, wajukuu watano na watoto watatu. Ndugu kadhaa wametuomba tusahihishe, kwa kuwa alizaa wawili. Hatusahihishi. Orodha hii aliitaja mwenyewe, na kati ya watoto hao mkwe wake alimtaja wa kwanza.

Mungu amlaze pema, apumzike.