Mama Kanyere na Mipira Iliyochubuka

Lisemwalo halipo. Wasikilizaji wapendwa, najua mmeizoea methali hii ikienda upande mwingine: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mama Kanyere hakuikubali hata siku moja. Yeye alisema lisemwalo halipo, mpaka ulishike na kuligeuza mkononi.

Mama Kanyere Marie-Jeanne alifariki Jumanne hapa Butembo, akiwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa fundi wa kuvalisha meza za biliadi kitambaa kipya. Narudia kwa anayedhani redio yake imekwaruza: mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, fundi wa meza za biliadi. Ukicheza Butembo au Beni juu ya kitambaa kisicho na kunyanzi, huenda ni mkono wake.

Alizaliwa Lubero, kwenye baridi na viazi. Akaolewa na Edmond, seremala wa majeneza. Kazi ya Mama Kanyere ikawa kuyavalisha majeneza kitambaa ndani. Siku moja mfanyabiashara mmoja alikuja akilia kwamba meza yake ya biliadi imepasuka kitambaa. Binti wa Mama Kanyere, Solange, anakumbuka jibu la mama yake: "Wafu hawalalamikake, lakini miye sijaachaka kunyanzi hata moja. Meza njo itanishinda?"

Haikumshinda. Kwa miaka ishirini na miwili alipanda pikipiki, bunda la kitambaa cha kijani mgongoni kama mtoto, akaenda Beni, akarudi.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike Beni, kwenye ukumbi wa Bwana Salomon.

Salomon alinunua mipira mipya ya biliadi. Baada ya wiki tatu ikafifia. Ikajaa mikwaruzo midogo, kama imelambwa na paka mwenye hasira. Wachezaji wakasema Joyeuse anaiangusha. Joyeuse alikuwa mtunzaji wa ukumbi, mama wa watoto wawili, na mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha. Salomon akanunua mipira mingine, akamwita mbele ya watu.

"Joyeuse, unaangushaka ma-boule ku ciment. Donc, hii ikiharibika tena, unarudia kwenu Mbau."

"Patron, hapana miye! Sijaangusha hata moja."

"Batu bote banasema."

Siku hiyohiyo Mama Kanyere alikuwa pale, misumari midogo mdomoni, akibandua kitambaa cha zamani. Akaitema misumari. Akachukua mpira mmoja wa zamani, akauangusha sakafuni kwa makusudi. Paa! Akauokota.

"Salomon, kuja uone. Ukianguka, unatoboka kashimo. Hii mingine iko na mikwaruzo ya kuzunguka. Hapana ciment iliyofanya hivi."

"Basi ni nini?"

"Sijue. Unipatie siku ine."

Akachagua mipira mitatu mipya. Namba saba aliutia ndani ya mfuko wake. Namba tisa ulichezwa kila siku, lakini Joyeuse aliufuta tu kwa kitambaa chenye maji. Namba kumi na mbili haukuguswa na fimbo kabisa. Ulioshwa tu, kila asubuhi, pamoja na mingine.

Siku ya nne, wachezaji wote wakiwa wamesimama, akaipanga mezani. Namba saba, safi. Namba tisa, uliochezwa siku nne, safi. Namba kumi na mbili, ambao haujapigwa hata mara moja, umekwaruzika.

Kila mtu alijua nani huosha mipira.

Ni Mama Jokébed, mama mzazi wa Salomon. Kila alfajiri aliitia mipira ndani ya beseni la kuoshea sufuria, akaisugua kwa majivu na mchanga. Wasikilizaji wapendwa, kwetu mwanamke alipimwa kwa sufuria zake. Kama huoni uso wako ndani yake, hujaosha. Mama Jokébed aliipa mipira ya mwanawe heshima ileile. Mchanga ukaila. Chembe zilizobaki zikala na kitambaa.

Mama Jokébed alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tangu naolewa, nani alishanifundisha kuosha kintu?"

"Mama, sufuria inapenda majivu," akasema Mama Kanyere. "Boule haipendi. Inapenda maji ya vuguvugu na kasabuni kadogo."

"Umenipatisha haya mbele ya batu. Uniombe pardon!"

"Ninakuheshimu, Mama. Lakini pardon, hapana. Kama kuko pardon hapa leo, iende kwa Joyeuse."

Na ilienda. Salomon aliitoa, akitazama viatu vyake. Joyeuse yupo kwenye ukumbi ule hadi leo, na mtoto wake mkubwa amemaliza shule.

Juzi kwenye matanga nilimkuta Mama Jokébed, bibi wa miaka themanini na mitano, amekaa mstari wa mbele. Tangu siku ile ya mipira, kwa miaka tisa, alimtumia Mama Kanyere maharage kila mavuno. Aliniambia akicheka: "Ule mwanamuke alikuwa na kichwa nguvu. Ukiisema ku redio, usisahau kusema sufuria zangu ziko zinang'aa."

Zinang'aa. Nimeziona.

Kwako Solange, kwa wajukuu na kwa kwaya yote: poleni sana. Mama yenu alilala akiwa ameridhika na kazi yake. Nasi tuliobaki tujiulize: wiki hii, ni nani tumemhukumu kwa sababu watu wote wanasema, na mpira hatujaugeuza mkononi?

Jambo la mwisho. Kabla sijaingia hewani, Bwana Salomon alipiga simu. Amesikia nitaitaja hadithi ya majivu, na anataka niwaombe wasikilizaji msamaha, eti inaiaibisha familia yake. Bwana Salomon, nimeigeuza mkononi kila upande. Siombi.