Hajati Rukiah na Godoro Alilolipasua Bukoto

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Hajati Rukiah Ramadhan anastaafu baada ya miaka kumi na minne katika ghala letu la Bugolobi. Mimi Cleopas, mpakiaji, nimeombwa niandike habari zake kwa sababu tulianza kazi mwaka uleule. Shule yangu iliishia darasa la saba kwetu Bungoma, Kenya, kwa hiyo nitaandika nilichokiona.

Aliajiriwa kufagia, wakati Dunvik, kampuni ya magodoro kutoka Denmark, ilipofika Kampala. Magodoro yalikuja yamefyonzwa hewa na kukunjwa ndani ya boksi jembamba. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu amelala peke yake, anatabasamu. Wateja walituuliza mume wake yuko wapi. Hapa mtu hununua godoro baada ya kulibonyeza, kulikalia, na kumwita jirani naye alikalie. Sisi tulimpa boksi. Wachuuzi wa soko la Bukoto wakatubatiza watu wa mazulia, maana boksi lilifanana na zulia lililoviringishwa. Kwa miezi minane tuliuza magodoro tisa, na Denmark ikaandika kwamba ghala litafungwa. Wapakiaji tulikuwa kumi na mmoja.

Hajati alisema mara nyingi boksi moja lifunguliwe watu waone. Tulimcheka. Katazo lilibandikwa ukutani: atakayefungua boksi kabla halijafika kwa mteja atafukuzwa, pamoja na aliyelibeba.

Jumamosi moja, siku yake ya mapumziko, alipanda lori letu la Bukoto. Tulidhani anafuata samaki. Tulipofika sokoni aliniomba nishushe boksi moja, akatoa kisu cha jikoni, akapasua plastiki. Godoro likapumua. Likainuka kama unga wa mandazi uliotiwa hamira nyingi, likaziba njia. Dawudi, dereva wa bodaboda wa pale sokoni, alikimbia akaacha pikipiki yake ikiunguruma. Muuza nyanya mmoja akasema Wazungu wametuletea shetani kwenye boksi. Mimi nilishindwa hata kufunga mdomo. Hajati akavua viatu, akajilaza katikati ya soko, kisha akawaambia wanawake kwamba nafasi ya mume hii hapa, waje waipime.

Kufikia alasiri lori lilikuwa tupu.

Jumatatu meneja wetu, Bwana Okwera, alimwita ofisini. Tulikwisha kumuaga kimoyomoyo. Akatoka na kazi mpya: kufungua godoro moja katika kila soko. Ghala halikufungwa. Leo Dunvik ina maduka sita mjini, na Denmark wametuma watu wao kuja kujifunza kwake.

Kuna jambo moja zaidi, na yeye ameniruhusu niliandike. Siku ile, kabla godoro halijamaliza kuinuka, mimi ndiye niliyempigia Bwana Okwera simu. Boksi nililibeba mimi, nikaogopa. Nilisema Hajati ameliiba. Miaka yote niliamini hajui. Wiki iliyopita, tukifunga vitu vyake, aliniambia kwamba jina langu alilisikia Jumatatu ileile ofisini. Na Jumanne yake ndipo alipoanza kuniletea chakula cha mchana, akisema mtu aliye mbali na kwao asile chapati kavu peke yake. Amenilisha tangu siku hiyo. Nilikaa chini sakafuni. Mpaka leo sijaelewa.

Hajati, nisamehe, na asante. Wapakiaji wote kumi na mmoja bado tuko kazini. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na maisha mema nyumbani kwako Bombo.