Siku Tisini za Maharagi

Mheshimiwa Inspekta wa kilimo, Bwana Shefu wa kartie, mutaa wetu wa Rwambuzi, Padiri na Bwana Muchungaji mulioketi kiti kwa kiti bila kugombana, wamama na wababa wa shirika la walimaji, wageni wote, kila mutu na cheo chake, kila mutu na heshima yake: jambo yenu!

Sijasikia. Ninajua harufu ya mbuzi imekwisha kufika huku mbele, lakini tuamkiane kwanza. Jambo yenu! Eeh, sasa.

Mimi ni Emerance, prezida wa shirika. Leo tunamuaga Papa Julien, Agronome wetu, bwana shamba wa serikali, ambaye serikali imemuambia, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, aende kupumzika. Serikali imemupa barua, shirika limemupa mbuzi, na mimi nimepewa dakika kumi za kumusifu. Nitamusifu. Lakini munanijua, sifa zangu zinakuja na pilipili kidogo.

Mbele ya yote, ninaomba Mama Annette, bibi yake wa ndoa, alete zile glasi mbili pale mezani. Aksanti, mama. Maji iko safi, munaona wote. Sasa ninaweka donge moja la udongo katika kila glasi. Yote mawili yamekauka siku tatu ndani ya nyumba yangu, ukubwa wao ni ule ule. Moja limetoka katika shamba la shirika. Lingine nitawaambia baadaye limetoka kwa nani. Papa Agronome, kwa nini unasogeza kiti? Kaa vizuri. Mutihani huu weye njo ulitufundisha.

Je, kuko mutu hapa ambaye Papa Julien hajamusumbua? Anafika na pikipiki yake yenye kukohoa, unamukaribisha chai, na yeye anauliza: "Mama, musimu uliopita ulipanda nini hapa?" Unasema muhogo. "Na mbele yake?" Muhogo. "Na sasa?" Unatazama chini, unajibu kwa sauti ndogo: muhogo. Basi, chai inapoa, somo linaanza.

Anasema: muhogo juu ya muhogo, kila mara munachimba na kupindua, shamba linakaa uchi miezi mingi, udongo unavunjika kuwa vumbi, na mvua inaubeba mpaka mutoni. Lakini mukipanda maharagi, kisha mahindi, kisha muhogo, kisha soya, na mabaki ya shambani mukaacha kuyachoma, kila mumea unaacha mizizi ya namna yake. Vidudu vidogo vinakula mizizi ile, vinatoa kitu kama gundi, na gundi ile inashikanisha udongo chembe kwa chembe, ili maji ipate njia ya kuingia. Na ndani ya chembe zile, anasema, kunafichwa kaboni, ile ambayo majani yaliivuta toka hewani. Ikikaa chini, haiko juu kuharibu majira yetu ya mvua.

Mama Marcelline, yule pale mwenye kitambaa cha njano, akamuuliza: "Papa, njo kusema siye wa Rwambuzi tunasafisha hewa ya dunia nzima? Na hata sabuni hawatutumii?" Tulicheka mpaka akafunga daftari lake.

Na siku ya matokeo, munaikumbuka? Miaka kumi na miwili alikuwa anachimba udongo wa shamba letu, anauweka katika mifuko midogo, anautuma kupimwa. Siku ile akavaa koti. Akasimama mbele yetu, akasema: "Kaboni imeongezeka. Kidogo." Kidogo! Miaka kumi na miwili! Mutu mwingine angetupa hesabu ya kutushangaza, nani angejua? Yeye akatuonyesha ile kidogo kwa ncha ya kidole, na machozi ya furaha karibu yamutoke. Mheshimiwa Inspekta, mutu wa serikali asiyeongeza sifuri kwenye hesabu yake, utamupata wapi mwingine?

Lakini tuseme kweli. Siye hatukuwa wajinga. Mwaka tulikimbia vita toka kwetu Bule, niliacha maharagi yenye maua na muhogo wa miezi sita. Niliporudi kutazama, maharagi hakuna, yalikuwa yamekomaa bila mutu, yakapasuka, yakaoza. Muhogo ulikuwa chini, unaningoja. Muhogo ule njo ulilisha watoto wangu wane mpaka tukafika hapa Bunia. Sasa, nilipopewa kipande cha shamba huku, mulitaka nipande nini? Nilipanda muhogo, na juu yake muhogo. Na Agronome alipokuja na somo lake, nikamuambia: "Maharagi yako yanataka siku tisini. Nani atanihakikishia siku tisini?"

Akapanda pikipiki yake, akaenda bila kumaliza somo. Mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, Mama Annette ni shahidi.

Kesho yake akarudi, mukononi iko jembe, daftari hapana. Akasema: "Mama, kukuhakikishia siwezi. Lakini nitakuja kila juma mpaka uvune." Akaja majuma kumi na tatu. Alipalilia vibaya sana, aling'oa maharagi akaacha magugu, lakini alikuja. Siku tulipopika maharagi yale nililia mbele ya chungu, sioni haya kuwaambia. Tangu Bule, ilikuwa mara ya kwanza ninapanda kitu kisichoweza kuningoja.

Haya, sasa tutazame glasi. Ya kushoto, ya shirika: donge limesimama, maji bado iko safi. Hapana, Padiri, usionje. Ya kulia: donge liko wapi? Wapi! Ni matope tupu. Na donge lile limetoka nyuma ya nyumba ya Papa Julien mwenyewe, hatua mia moja toka hapa! Muhogo juu ya muhogo juu ya muhogo! Muache kupiga makofi, sijamaliza. Papa, usinitazame mimi, Annette njo alilichimba.

Aliponiambia, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akaniambia sababu, nikaacha kucheka. Alisema: "Emerance, tangu tufike hapa toka Mahagi, huyu mutu hajapanda kitu ambacho hawezi kukiacha. Kila musimu anasema labda tutarudi." Na sasa watoto wao wamewajengea nyumba kule Mahagi, na gari linakuja Jumanne.

Papa Julien, ni haki yako. Mutu akimaliza kazi anarudi kwao. Lakini ulitufundisha siye kukaa, na weye mwenyewe miaka yote ulikaa na viatu miguuni. Ile inaniuma, na ninaisema mbele ya watu kwa sababu ninakupenda.

Tena kuko jambo ambalo hatujakuambia. Musimu huu, katika shamba la shirika, zamu ni ya maharagi. Jana katika mukutano wengi walitaka tuache zamu, tuweke muhogo mahali pote. Walisema: "Agronome mwenyewe anaondoka, anajua kitu. Siye tunamungoja nani?" Niliwaomba wangoje mpaka leo. Kazi ya miaka kumi na miwili, donge lile lililosimama katika glasi, leo liko mukononi mwako.

Hatukuombi miaka. Tunakuomba siku tisini, zile zile ulizonipa mimi. Hapa mezani kuko vijiti vya muhogo na kuko sahani ya maharagi ya mbegu. Ukichukua vijiti, tutavifunga vizuri juu ya gari, utavipanda Mahagi, na tutakupenda vile vile. Ukichukua sahani, tunapanda Alhamisi. Chagua, Papa.

Tunangoja. Bwana Shefu, usimusukume.

Eh! Mama Annette ameinuka. Ameshika sahani ya maharagi, amerudi nayo, ameiweka juu ya magoti ya bwana yake! Sasa, Papa, unasema nini? Mumupe mikro. Sema tena, walio nyuma hawajasikia.

Mumesikia? Anasema: "Mbegu mbili katika kila shimo, siyo tatu kama Emerance anavyofanya siku zote."

Basi. Anabaki.

Aksanti, Mheshimiwa Inspekta, kwa kutuazima mutu huyu miaka thelathini na moja. Sasa tunaongeza siku tisini bila barua yako. Aksanti, Mama Annette. Wamama, wababa, tuonane Alhamisi asubuhi shambani, kila mutu na jembe lake. Papa Julien atapanda pamoja na siye, lakini kupalilia, tafadhali, tumukataze. Mumenipa masikio yenu na mbuzi anapoa: aksanti sana.