Dirisha la Rufaa Lamuaga Mama Athanasie

Waheshimiwa wakubwa wa Ofisi, wapendwa wafanyakazi wenzangu, na wewe Ndugu Régis, mhariri wa jarida letu: nawasalimu nyote kwa heshima. Natumaini salamu hizi zinawakuta na afya njema, na kwamba amani, ambayo siku hizi tunaiombea asubuhi na jioni, haijasogea mbali na milango yenu. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, yaliyonilaza nyumbani tangu juma lililopita. Naomba radhi kwa kuchelewa. Wasifu huu ulitakiwa kusomwa siku ya sherehe, mwisho wa Septemba. Sasa ni Novemba, mvua zimekolea, na Ndugu Régis ameniulizia habari zake kwa upole unaonitia haya. Kuchelewa huko kuna sababu, nami nitaieleza mahali pake. Naomba radhi pia kwa kuandika Kiswahili katika jarida lililozoea Kifaransa na Kinyarwanda. Mama Athanasie alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa. Mimi nilisomeshwa na mapadri upande wa Bukoba. Na hii ndiyo lugha tuliyotaniana nayo miaka yote.

Bibi Athanasie Mukarugwiza ameitumikia Ofisi ya Mitihani kwa miaka thelathini na mmoja, tangu Oktoba 1961 hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 1992. Alianza kama mpiga chapa. Kabla mwaka haujaisha akahamishiwa kwenye Dirisha la Rufaa, ambalo watu wa mjini huliita reklamasiyo, mahali anapokuja mzazi asiyeridhika na matokeo ya mtoto wake kuomba karatasi zihesabiwe na kusahihishwa upya. Hakuhama tena. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, bendera ilibadilika, mashine za kupigia chapa zilichakaa zikaletwa nyingine, naye alikuwa pale pale, na kitenge chake cha buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Dirisha hilo linatazama bondeni. Asubuhi za masika ukungu hupanda kutoka mafunjo ya Nyabugogo, na wazazi hutokea ndani yake mmoja mmoja, kwanza kofia, kisha mabega, kisha uso, kama watu wanaokumbukwa polepole. Nyuma ya dirisha lipo ghala ninalolitunza mimi. Humo zimepangwa karatasi za mitihani, kila moja pembe yake imekunjwa na kugundishwa ili jina lisionekane. Mchana, jua linapoingia kwa kupitia mbao za madirisha na vumbi kuelea, nimekuwa nikifikiri kwamba watoto wa nchi nzima wamelala mle bila majina yao, wakipumua taratibu, wakingoja mtu awaamshe. Mama Athanasie alikuwa akiingia kwa kunyata. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Kazi ya kuhesabu upya hufanywa na watu wawili waliopeana migongo: mmoja asoma alama, mwenziwe ajumlisha bila kuiona karatasi. Mama Athanasie aligundua mapema kwamba sauti ya kawaida huchoka na kuruka mistari, basi akaamuru alama zisomwe kwa kuimbwa, kwa mahadhi ya masifu ya jioni tuliyofundishwa na masista na mapadri. Alasiri moja mkaguzi mgeni alifungua mlango, akasikia, akavua kofia, akasimama kichwa chini. Mama Athanasie alikuwa katikati ya hesabu na hakuweza kusimama. Alipofika kwenye “saba na nusu” akavuta pumzi, na yule mkaguzi akajibu kwa unyenyekevu, “Amina.” Karatasi ile ilibidi ihesabiwe tena tangu mwanzo, kwa kuwa mjumlishaji, ambaye ndiye mwandishi wa mistari hii, alikuwa ameanguka kitini kwa kucheka.

Hata hivyo, hakupata sifa yake kwa kuimba. Aliipata kwa swali. Kanuni yasema alama ya rufaa ndiyo ya mwisho: yaweza kupanda, yaweza kubaki, yaweza kushuka, wala hakuna kurudi kwenye ile ya kwanza. Wazazi huisikia kanuni hii kwa sikio moja. Kwa hiyo, kabla ya kupokea ombi lolote, Mama Athanasie aliweka kalamu chini, akamtazama mtu machoni na kumwuliza, “Zikishuka, utanisalimia barabarani?” Asiyejibu hakupokelewa, alipewa kiti akae mpaka ajibu. Wengine walikaa asubuhi nzima. Wengine waliondoka na ombi lao mfukoni, na nadhani hao nao walikuwa wamejibiwa.

Mugenzi, mchomeleaji wa vyuma wa Kimisagara, alijibu upesi kuliko wote. “Mama, mimi? Nitakusalimia hata usingizini!” Alama za mwanawe zikashuka. Kwa msimu mzima Mugenzi alipomwona Mama Athanasie sokoni aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa alivaa kandambili. Kisha asubuhi moja akaja ofisini na mkokoteni na vyuma, akasema amekuja kutoa salamu iliyokawia. Nondo za dirisha letu mnazoziona ni kazi yake. Katikati amekunja upinde mdogo, si kwa ajili ya karatasi, maana karatasi hupita chini; ameukunja ili mkono upite. Tangu siku hiyo hakuna mwombaji aliyeondoka pale bila kushikwa mkono.

Nitataja jambo moja zaidi la kazi. Barabara ya kaskazini ilipofungwa kwa vita na masanduku ya karatasi za huko kukawia, baadhi yetu tulitaka dirisha lifungwe tarehe ya kawaida. Mama Athanasie alikataa. Walikuja wazazi waliohama makwao na magodoro kichwani, hawana stakabadhi wala kitambulisho, wana jina la mtoto tu. Aliwapokea kwa jina hilo, na swali lake aliwauliza vilevile, wala hakulipunguza kwa huruma. Mzee mmoja alicheka mpaka machozi. Akasema ni mtu wa kwanza, tangu ahame kwake, kumwuliza kuhusu kesho kutwa.

Na jambo moja lisilo la kazi, mniwie radhi. Kellen, mke wangu, alipofariki, Mama Athanasie alikuwa akija kila Ijumaa na sufuria ya maharage, akaiweka mezani, akaketi dakika chache, akaenda zake. Mpaka leo ninaposinzia alasiri huzisikia sauti zao wawili, ya Kellen na yake, zimepeana migongo mahali penye mwanga mwingi, moja ikiimba alama na nyingine ikijumlisha, na jumla haifiki, wala hakuna anayeharakisha.

Sasa nije kwenye siku ya kuaga, na kwenye sababu ya kuchelewa kwangu.

Mama Athanasie ana mjukuu, Kaliza, aliyemlea tangu mchanga. Binti huyu alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka huu kwa mara ya pili, na mara ya tatu hairuhusiwi. Alikosa nafasi ya sekondari kwa alama chache mno, na mwalimu wake hakusadiki. Rufaa tu ndiyo iliyobaki. Lakini kanuni ya Ofisi ni kwamba mfanyakazi haombei jamaa yake, na dirisha lilikuwa lifungwe tarehe 30 Septemba saa kumi, siku ile ile ya kustaafu. Funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwake, na karatasi ya mtoto ilikuwa rafu ya tatu, hatua chache kutoka kitini. Wala hakuitupia jicho.

Alichofanya ni hiki. Alimwomba mkurugenzi amruhusu kustaafu saa sita mchana badala ya jioni. Saa sita ilipogonga alinikabidhi funguo, akavua koti la kazi, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka jengo na kusimama nyuma ya mstari, na Kaliza ubavuni. Ndani, Fanta zilikuwa zimeshafunguliwa, na brosheti, yaani mishikaki ya Gasana dereva wetu, zilikuwa zinaungua. Swafiya, mfagiaji wetu wa kutoka Biryogo, alimwona kwanza, akaweka ufagio begani na kupaza sauti: “Mama Athanasie, leo na wewe iko kwa mstari? Usisukume watu, eh! Huku hatujui mukubwa!” Mstari mzima ukacheka. Mtu mmoja akataka kumpisha, naye akakataa.

Mimi ndiye niliyewekwa kitini pake. Alipofika mbele ya nondo za Mugenzi niliweka kalamu chini, kama nilivyomwona akifanya miaka yote, nikajiandaa kumwuliza. Hakunipa nafasi. Kwa mazoea tu, mdomo wake ukatangulia. Akanitazama machoni, yeye mwombaji, mimi mpokeaji, akasema, “Zikishuka, utanisalimia barabarani?”

Yeye mwenyewe alishtuka, akafunika mdomo kwa kitenge. Swafiya akasema, “Jibu basi, mzee, ama akupe kiti?” Nikajibu kwamba nitamsalimia. Kisha nikamgeukia Kaliza na kumwuliza yeye, kwa kuwa karatasi ilikuwa yake. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka ukungu wa mvua ya kwanza ukaanza kupanda kutoka bondeni. Akapitisha mkono wake kwenye upinde wa chuma, akasema, “Nitakusalimia, muzehe.”

Hapo ndipo uandishi wangu ulipokwama. Niliona si adabu kumsifu, sherehani wala jaridani, mtu ambaye ombi lake liko mezani petu. Wangesema mzee Léonce anaililia rufaa. Nikangoja jibu. Jibu likaja mwishoni mwa Oktoba. Alama zilikuwa zimeshuka mbili, kwa sababu msahihishaji wa kwanza alikuwa mkarimu kwenye insha. Tuliihesabu mara mbili, kwa kuimba. Hakukuwa na kosa.

Sikutaka barua ile iende kwa tarishi. Niliibeba mwenyewe asubuhi, nikashuka Kimisagara, anakokaa Mama Athanasie, kwa mkongojo. Ukungu ulikuwa mzito hata nyundo za mafundi zilisikika kama zinagonga ndani ya maji, na sikuona zaidi ya miguu yangu. Nilikuwa nikipanga maneno. Kabla sijapata hata moja, ikanijia sauti kutoka mle kwenye weupe, nyembamba na ya kawaida kabisa, ikinipa salamu ya asubuhi: “Mwaramutse, muzehe.” Kisha kofia ya mvua, kisha mabega, kisha uso. Alikuwa Kaliza, na dumu la maji. Alinitazama, akaitazama bahasha, akasema, “Zimeshuka, si ndiyo?” Nikasema ndiyo. Akaweka dumu chini, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini aliutoa yeye kwanza. Nyuma yake ukungu ukacheka kwa sauti ninayoijua, na Mama Athanasie akasema, “Mzee, umechelewa. Mtoto amekushinda kwa salamu.” Halafu wote watatu tukasimama pale, na wawili wetu tukalia kidogo. Sitasema ni wepi.

Baada ya hapo sina tena udhuru wa kutoandika.

Mama Athanasie, kwa niaba ya Ofisi nzima tunakushukuru. Wengi waliokuja dirishani pako hawakupata walichoomba, na wengi hao wangali wanakusalimia. Sijui alama gani ingepita hiyo. Tunakuombea siku ndefu zisizo na kengele, usingizi wa alasiri, maharage mengi shambani, na Rumonge ya utotoni kila ufumbapo macho. Nchi itulie, ili tukutane barabarani mara nyingi. Kwa upande wangu, nitatangulia kusalimia nikijaliwa magoti.

Ndugu Régis, wasifu huu utaletwa na Kaliza. Ameanza kujifunza ushoni kwenye kituo cha ufundi, na kila asubuhi hupita mbele ya nyumba yangu. Nilimwomba kwa aibu, naye akapokea kwa mikono miwili. Bahasha sikuigundisha, wala pembe sikuikunja kulificha jina lake. Akitaka, asome njiani.

Wako mnyenyekevu,
Léonce, mtunza ghala