Mtafiti Aliyekionea Wivu Kikohozi

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, binti wa kwanza wa baba dereva wa lori na mama fundi cherehani. Afya yake ilikuwa ya chuma. Tarehe 9 Juni 1965 akazaliwa mdogo wake wa kike, huyu anayewasomea wasifu huu, naye alikuwa na pumu. Hapo ndipo wivu wa marehemu ulipoanza, na aliagiza usifichwe: "Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Semeni nilikuwa na wivu."

Mama hakuwa mtu wa kusimamisha cherehani ovyo. Lakini mdogo akikohoa tu, gurudumu lilinyamaza, mama akaja kumwekea sikio kifuani. Siku moja marehemu naye alijikohoza mpaka machozi yakamtoka. Mama hakuinua hata macho. "Wewe mzima. Kaniletee uzi mweusi." Uzi aliuleta, lakini neno hilo lilimkaa rohoni.

Alimaliza sekondari mwaka 1980, akasomea biokemia, na kuanzia 1986 alifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya kifua, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Alichunguza peptidi, vipande vifupi vya protini ambavyo seli na neva hutumia kupashana habari. Kwa mwenye pumu, alieleza, vumbi kidogo likiingia neva humwaga peptidi, seli za kinga huitana, njia ya hewa ikavimba na kubana. "Ni jirani anayepiga yowe la mwizi kila paka akipita," alisema, na alimtazama mdogo wake alipokuwa akisema.

Utafiti ulihitaji makohozi ya mwenye pumu na ya asiye nayo, ili yalinganishwe. Ndugu hao wawili wakatoa yao. Ya mdogo yalijaa peptidi. Ya marehemu, karibu hakuna kitu. Alinuna wiki nzima. "Hata kwenye kipimo, yeye ndiye mwenye mengi ya kusema." Hata hivyo ni yeye aliyempigia mdogo wake simu kila asubuhi, siku za nafuu pia, kumuuliza kama amevuta dawa.

Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na fundi aliyekuja kutengeneza jokofu la maabara. Kabla ya kukubali posa, alimuuliza kama ana kikohozi. Hana. "Vizuri. Nyumbani kwangu mgonjwa nitakuwa mimi." Miaka thelathini ikapita bila hata mafua.

Februari 2024 moyo wake ulichoka, maji yakajaa mapafuni. Mama, mwenye miaka themanini na minne, alifika wodini, akavuta kiti, akalaza sikio kifuani mwa bintiye.

"Nakusikia, mwanangu."

"Usiinuke upesi, mama. Nimekaa foleni sana."

Mdogo wake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na kwa mara ya kwanza wivu ulimshika yeye. Marehemu alimwona, akatabasamu kama mtu aliyelipwa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Aprili 2024. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume, mama, na mdogo wake ambaye leo anapumua vizuri. Tangu asubuhi ile mama hajaigusa cherehani. Apumzike kwa amani, zamu yake imefika.