Pikapu Iliyojiwasha Sokoni

Walionizidi umri shikamooni, na wadogo zangu marahaba, salamu zenu nilizipokea tulipokuwa tukiingia. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nieleze nilivyoumia mguu na nilivyorudi sokoni. Nitaeleza, lakini nawaonya mapema: wengine wakitoa ushuhuda hulia, mimi husikia kichefuchefu. Majina sitataja. Atakayejitambua humu ndani atulie tu, wenzake ni wengi.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia watoto na pikapu. Pikapu yenyewe mnaijua, ya petroli, kuukuu, rangi yake hata muuza rangi hawezi kukuambia ni ipi. Lakini kabla hajaugua alinifundisha kuiendesha, na alinifundisha kama mtu wa milimani. Alisema hendibreki ya gari kuukuu ni ya kupigia picha. Ukisimama kwenye mwinuko, zima, iache kwenye gia namba moja, shuka uweke jiwe nyuma ya tairi. Nimefanya hivyo miaka yote. Nani hapa mwenye gari hafanyi hivyo? Hata nikisimama mahali tambarare mkono unakwenda wenyewe kwenye gia.

Basi ndugu zangu, ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mnaikumbuka. Miaka mingi tumekaa tukitafuta sabuni kama dawa, ghafla maduka yakajaa. Redio za kaseti, saa zinazoimba, viatu vya plastiki vya kila rangi. Watu wetu wakawa wanashuka Dar na kupanda na vitu ambavyo hata jina havina. Mmoja wa hao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa akinisaidia biashara. Kusaidia kwenyewe, mimi napakia na kuendesha, yeye anakaa kwenye mgahawa wa chai anaongea na wanaume wenzake.

Siku moja akarudi kutoka Dar na kiboksi cha nyaya. Akaniambia, "Shemeji, kuwasha gari kwa ufunguo siku hizi ni ushamba. Dunia imefunguka."

Nikamwambia, "Ufunguo wangu una kosa gani?"

"Hauna kosa. Ni wa zamani tu."

Akaichukua pikapu siku ambayo sikuwa na mzigo, akateremka nayo Tanga kwa fundi umeme. Iliporudi, swichi ya ufunguo imeng'olewa, tundu lake limezibwa na kitufe chekundu. Ukitaka kuwasha, unabonyeza kitufe. Tena kulikuwa na rimoti, kidude cheusi cha kutosha kiganjani. Ukikibonyeza ukiwa mbali, gari linalia pii, selfu inazunguka, injini inawaka na ndani hamna mtu. Mimi nikaachiwa kitufe. Rimoti akabaki nayo yeye. Ule ufunguo niliokuwa nikiuvaa shingoni kwa uzi sikuwa na kazi nao tena. Nilichukia, lakini nikanyamaza, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa unamsifu.

Na ninyi mlimsifu. Msinitazame hivyo. Siku za soko alikuwa akiiegesha mwenyewe mbele ya mgahawa, anaingia ndani, anaagiza chai, halafu anaiwasha kwa rimoti kutoka kwenye kiti. Watu wanapiga vigelegele. "Mgosi, mwanamume wewe, rudia tena." Anarudia. Petroli yangu inaungua bure ili watu washangae.

Jirani yangu wa pale sokoni alikuwa bibi mmoja muuza karoti. Yeye peke yake hakushangilia. Moshi wa pikapu ulikuwa unamwingia machoni na kwenye karoti zake. Siku hiyo ninayotaka kuwaeleza, asubuhi, shemeji alipopita karibu naye, bibi alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, gari lako hili siku moja litatuumiza." Basi. Maneno ya mtu aliyechoka na moshi.

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimeendesha. Nilisimama pale pa kupakilia, gari linatazama juu, mbele yake ule ukuta wa mawe. Nikaacha gia namba moja, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, kama siku zote. Tulipakia matenga ya mapea na magunia ya kabichi. Nikachukua kamba ya turubai, nikapita mbele ili niifunge kwenye bampa. Nimeinama, nasikia pii.

Nawaambia ile sauti niliisikia vizuri kama ninavyoisikia sauti yangu sasa. Pii, halafu selfu, halafu gari likaruka. Jiwe lilikuwa nyuma, mbele hapakuwa na kitu ila mimi na ukuta. Lilinibana mguu kwenye mawe, likatetemeka kidogo, likajizima. Makuli walilinyanyua kwa mikono, na mzigo ukiwa juu. Nilikuwa natazama veranda ya mgahawa, na shemeji alikuwa amesimama pale, mkono mfukoni.

Nikapelekwa hospitali ya misheni, Bumbuli. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pabaya, na kwa muda haikujulikana kama utabaki. Nikawekewa vyuma, nikalala. Maumivu sitayaeleza, aliyezaa anayajua nusu yake, na nusu nyingine simtakii mtu.

Asubuhi moja nilizinduka nikaona bakuli tupu juu ya kabati. Nikamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama nimekula. Akasema, "Hapana, dada. Alikuja bibi mmoja na uji, kapanda njia yote hiyo kwa miguu. Ndugu yako kamfukuza, uji kaumwaga mtaroni. Wanasema ndiye aliyekuroga."

Aliyeumwaga ni dada yangu wa tumbo moja. Alipoingia nikamuuliza. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayeniletea zawadi. Soko zima limejua. Bibi alitamka asubuhi, na kabla ya jua kwenda upande, gari likaruka. Shemeji ameapa kwamba rimoti ilikuwa nyumbani, betri imekwisha. Na hata ingekuwapo, watu wanaulizana, si tumeiona ikiwasha gari siku zote? Limewahi kutembea? Kwa hiyo hakuna mtu anayenunua tena karoti za bibi. Wajukuu zake wanazomewa njiani. Kuna aliyekipindua kibanda chake, na kamati ya soko itakutana imwondoe kabisa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotapika. Si kwa dawa. Niliukumbuka ule mkono mfukoni. Niliona mtu mzima, mwenye ndevu, amejificha nyuma ya kikongwe anayeuza karoti. Na niliwaona ninyi, mnapita kibandani kwake mmegeuza nyuso kana kwamba ananuka. Mguu uliniuma, lakini ule uchafu uliniuma zaidi. Nikamwambia dada yangu, "Niliisikia ikilia pii. Hakuna mchawi." Akanifunika shuka, akasema homa imepanda.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na sababu ya kuamka. Manesi wakisema leo tujaribu kukaa, nakaa. Wakisema tujaribu kusimama, nimeshasimama, natokwa jasho, natukana kimoyomoyo. Mmoja aliniuliza ninakimbilia wapi. Nikamwambia kuna kikao.

Nilifika kwenye kikao hicho kwa magongo. Kilikuwa uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji. Walishakubaliana mawili: bibi aondoke sokoni, na aletwe mganga wa kutoka mbali alisafishe gari. Bibi amekaa chini peke yake, mkeka mzima na yeye mmoja. Shemeji yuko kwenye benchi la wazee, anazungumza taratibu kama mfiwa.

Nikaomba kusema. Nikamuuliza shemeji, "Rimoti iko wapi?"

"Shemeji, pole kwanza. Ile ilipotea."

"Ulisema iko nyumbani, betri imekwisha."

"Ilikuwa nyumbani. Baadaye ikapotea."

Ushahidi mwingine sikuwa nao, nawaambieni ukweli. Sauti niliyoisikia peke yangu ingemsaidia nini yule bibi? Nikaona mwenyekiti wa kamati anakohoa ili tuendelee. Ndipo mke wa shemeji aliposimama, yule mnayemwona siku zote hasemi. Akafungua fundo la kanga yake, rimoti ikatoka. Akasema, "Alinipa siku ileile niifiche. Na kule Tanga nilikuwepo. Fundi alimwambia gari hili la gia lisiachwe kwenye gia hata siku moja, liachwe frii, la sivyo litaruka. Alimwambia amweleze mwenye gari."

Mwenye gari ni mimi. Hakunieleza, kwa sababu angenieleza ningesema kwa milima yetu hii haiwezekani, toa kiboksi chako. Na yeye alitaka kushangiliwa.

Shemeji akamwambia mkewe akae. Hakukaa.

Nikaomba pikapu iletwe pale tambarare, waweke gogo kubwa mbele ya tairi. Nikamwambia kijana wa makuli aiweke frii, ashuke. Nikajikokota kwa magongo mpaka kwenye mkeka wa bibi, nikampa rimoti. "Bonyeza, bibi." Akakataa. Nikamwambia, "Bonyeza, wakuone." Akabonyeza. Pii, injini ikawaka, gari limetulia kama kawaida. Mkatikisa vichwa: mnaona, halitembei. Nikasema zima, weka gia namba moja, shuka, jiwe nyuma. Kama anavyofanya kila mwenye akili hapa Usambara. "Bonyeza tena, bibi."

Pii. Likaruka, likagonga gogo, likazimika. Ndani hamna mtu.

Bibi akakitazama kile kidude kwenye kiganja chake, akakigeuza upande wa pili. Akasema, "Kumbe uchawi wangu ni wa plastiki."

Mkacheka. Mlicheka mpaka mkashikana mabega. Mwenyekiti akasema kikao kimefungwa, bibi arudi kibandani kwake. Shemeji aliondoka mapema, na ya ukoo tuliyamaliza kiukoo, hayo si ya hapa.

Zile nyaya nilizing'oa. Zilipotoka zilikuwa fungu zima, nikashangaa takataka kiasi kile zilikaaje ndani ya gari langu. Fundi akanirudishia swichi ya ufunguo. Nilijifunza upya kukanyaga klachi kwa mguu huu uliopinda, kwanza uwanjani, halafu kwenye kona zetu, na leo nateremka Mombo na mzigo mwenyewe.

Nawashukuru makuli walionyanyua gari. Nawashukuru manesi, niliwasumbua. Namshukuru mke wa shemeji yangu, maana kusimama mbele ya wazee na kufungua lile fundo ilikuwa kazi ngumu kuliko yangu ya magongo. Na funzo langu ni dogo. Kitu kipya kikiingia nyumbani, anayekitumia aelezwe hatari zake, hata kama ni mwanamke, hata kama maelezo yataharibu starehe ya mtu. Na likitokea baya, mtafuteni mwenye mkono mfukoni kabla hamjamtafuta asiye na wa kumtetea.

Bado kidogo nimalize. Mimi mlinipa pole. Mlileta sukari, mlileta sabuni, wengine mlilala hospitali kunilinda, Mungu awalipe. Lakini yule bibi, tangu siku ile ya kicheko, hakuna hata mmoja aliyemwendea kumwambia samahani. Mlimrudishia kibanda mkaona yamekwisha. Mnanunua karoti zake, mnaomba kupunguziwa. Nimemuuliza, akasema anangoja tu.

Kwa hiyo msinipigie makofi. Chumba hiki kina mlango mmoja, na yeye amekaa pale mlangoni. Mimi nimemaliza. Tokeni mmoja mmoja.